Breki Kubonyea, Breki Kuzama

"Fundi, breki ya mbele iko chini."

"Imeshika hewa hiyo, boss."

Mazungumzo ya namna hii ni ya kila siku kwenye vibanda vya makanika kando ya barabara itokayo Mau Summit kwenda Kericho, Kedowa ikiwemo. Katika maneno hayo machache ugonjwa umeshapewa jina, na jina limeshaamua tiba: spana namba 8, kipande cha paipu ya plastiki, chupa tupu ya soda na oili mpya ya breki. Baada ya muda mfupi liva inakuwa ngumu na mwendeshaji anarudi steji. Wapo wanaorudi kwa fundi siku chache baadaye na malalamiko yaleyale.

Tatizo limeanzia kwenye jina. "Imeshika hewa" inataja chanzo, ilhali mteja alileta dalili. Anachokihisi mkononi ni liva inayoingia bila upinzani thabiti, halafu inadundadunda kidogo anapozidi kuikamata. Vitabu vya pikipiki vya Kiingereza vina neno la dalili hiyo, lililotokana na sponji, na hewa vinaitaja baadaye kama mojawapo ya vyanzo. Kiswahili cha gereji kimeviunganisha vitu viwili hivi, na kila dalili ya breki dhaifu inatibiwa kwa kutoa hewa.

Kusema "breki ya sponji" kunaeleweka kwa aliyesoma kitabu, lakini kwa wengi sponji ni ya kuoshea vyombo au ya godoro. "Breki laini" ni mbaya zaidi. Laini ni sifa njema: barabara laini, ngozi laini, unga laini. Mteja anayesema breki yake ni laini huenda anaisifu. Neno linalofaa liko tayari katika lugha, nalo ni kubonyea: kuingia ndani kinapobanwa, jinsi parachichi lililoiva linavyobonyea chini ya kidole. Ni ndugu wa kubonyeza, ambalo kila mwenye simu analijua. Breki inabonyea.

Ubora wa kitenzi hiki ni kwamba kinabeba wakati, na wakati ndio unaomwongoza fundi. Ilianza kubonyea lini? Kama ni mara tu baada ya kuwekewa pedi mpya, huenda pedi hazijakaa sawasawa kwenye diski, na oili haina kosa. Ikibonyea baada ya mteremko mrefu na kurudi hali yake ikipoa, oili imechemka. Na kama imekuwa ikizidi kubonyea polepole kwa miezi, mpira wa breki unaoshuka kutoka kwenye usukani huenda umezeeka na unavimba kila liva inapokamatwa. Fundi anaweza kuhakikisha hilo kwa kuushika mpira mkononi huku mtu mwingine akikamata liva: ukivimba, kiganja kinausikia.

Kinachofanya kazi ndani ni kanuni iliyoelezwa na Blaise Pascal katika karne ya 17: shinikizo linalowekwa kwenye kimiminika kilichofungiwa husambaa sawa kila upande. Liva inasukuma pistoni ndogo ndani ya masta silinda, oili inapeleka shinikizo hadi kwenye kalipa, pistoni za kalipa zinabana pedi kwenye diski. Oili haigandamiziki kwa nguvu za vidole. Hewa inagandamizika kwa urahisi. Kipovu kidogo tu kinatosha kumeza sehemu ya mwendo wa liva ambao ungefika kwenye gurudumu.

Hata hivyo kubonyea kusichanganywe na kuzama. Liva inayozama hukamatwa ikawa ngumu vizuri, kisha mkono ukiendelea kuishikilia inashuka polepole kuelekea mpini. Hapo oili inapita mahali isipotakiwa. Ama inavuja nje, na unyevu utaonekana kwenye viungo vya mpira au ukingoni mwa kalipa, ama raba ya pistoni ndani ya masta imechakaa na oili inarudi nyuma bila tone kuonekana. Kutoa hewa hakuponyi ugonjwa huu. Raba zibadilishwe, au masta nzima.

Dalili ya tatu ni kugota. Liva inafika kwenye mpini kwa mkamato wa kwanza, lakini ikipampiwa mara mbili tatu inapanda. Hewa nyingi hufanya hivyo. Diski iliyopinda au beringi za gurudumu zilizolegea nazo hufanya hivyo, kwa kuwa zinazirudisha pedi nyuma wakati gurudumu linazunguka, na mkamato unaofuata unatumika kuzisogeza tena. Fundi ainue gurudumu la mbele na kulitikisa kabla hajagusa spana.

Huku nyanda za juu, oili ya breki inastahili kuangaliwa zaidi. Oili za glikoli, DOT 3 na DOT 4, hunyonya unyevu kutoka hewani. DOT 4 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishabeba maji, kiwango kinachodaiwa kinashuka hadi nyuzi 155. Kwa DOT 3 ni 205 na 140. Eneo la Londiani na Kedowa lina mvua nyingi na liko juu sana, na karibu mita 2,300 juu ya usawa wa bahari maji matupu huchemka kwa takribani nyuzi 92. Pikipiki yenye abiria na gunia la viazi, ikishuka kwa breki kuelekea Kericho, inapasha moto oili ileile iliyokaa kwa miaka bila kubadilishwa. Rangi yake huisema hali yake: ikiwa kama chai ya rangi badala ya kung'aa kwa umanjano mwepesi, imwagwe. Watengenezaji wengi hushauri ibadilishwe kila miaka miwili.

Wakazi wa barabara hii hawahitaji kukumbushwa uzito wa chombo kisichosimama. Tarehe 30 Juni 2023, kwenye makutano ya Londiani, lori lililopoteza mwelekeo liliua zaidi ya watu 50, wakiwemo wachuuzi waliokuwa kazini kando ya barabara.

Uchunguzi ukionyesha kweli ni hewa, basi itolewe kwa utaratibu. Tangi lifunikwe kitambaa, kwa kuwa oili ya breki hula rangi. Kikopo cha oili kwenye usukani kifunguliwe na kisiachwe kikauke hata mara moja. Liva ipampiwe, ishikiliwe, nipo ya kalipa (skrubu ya kutolea hewa) ilegezwe kidogo, oili na povu vitoke, nipo ikazwe, ndipo liva iachiliwe. Liva ikiachiliwa nipo ikiwa wazi, hewa inanyonywa upya na kazi yote inaanza tena. Vipovu hupanda juu wakati fundi anavivuta chini, hivyo cha mwisho mara nyingi hujificha kwenye bolti yenye tundu inayofunga mpira kwenye masta. Wengi wanaisahau bolti hiyo. Ilegezwe kidogo huku liva imekamatwa, kitambaa kikiwa chini yake, ikazwe kabla ya liva kuachiliwa, na mara nyingi povu lililobaki hutokea hapo.

Yote haya ni ya breki za diski. Pikipiki za Boxer za bei nafuu, ambazo ni nyingi katika boda boda, zina breki za dramu hata kwenye gurudumu la mbele, ambako huvutwa kwa waya, na kwenye dramu hakuna oili wala hewa ya kutoa. Liva ikilegea huko, waya umerefuka au breki shuzi zimelika. Nati ya kurekebisha waya ikazwe hadi liva ipate mchezo mdogo tu, gurudumu lizungushwe kuhakikisha halibanwi, na nati ikiwa imefika mwisho wa nyuzi zake, dramu ifunguliwe shuzi zibadilishwe.