Benjamin Grierson (1826–1911)

Farasi alimpiga teke utotoni, akakua akiwaogopa. Hata hivyo, Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani vilipozuka, mwalimu huyu wa muziki wa Illinois alipewa kuongoza wapanda farasi wa jeshi la Muungano, yaani la Kaskazini. Aprili 1863 alitoka La Grange, Tennessee, na askari 1,700. Kwa siku 16 walikatiza jimbo zima la Mississippi waking'oa reli na kukata nyaya za telegrafu, wakaibukia Baton Rouge. Adui alihangaika kumsaka huku Jenerali Grant wa Muungano akivuka Mto Mississippi kuiendea ngome ya Vicksburg.

Kuanzia 1866 aliongoza Rejimenti ya 10 ya wapanda farasi, ya askari Weusi, akawatetea hata mbele ya wakubwa wake. Mwaka 1880, magharibi mwa Texas, walimzuia Victorio, kiongozi wa Waapache, kuyafikia maji. Ubrigedia jenerali wa kudumu aliupata 1890, miezi michache tu kabla ya kustaafu. Alistahili mapema zaidi.