Probox Haikujengewa Kyuso

Kwenye mlango wa nyuma wa Probox nyingi zinazolala stendi ya Kyuso kuna kibandiko kidogo cha maandishi ya Kijapani na namba mbili: 400, kisha 250 ndani ya mabano. Vumbi limekikwangua, lakini namba bado zinasomeka. Maana yake ni kwamba gari likiwa na watu wawili linaruhusiwa kubeba kilo 400 za mzigo, na likiwa na watu watano, kilo 250. Huko Japani sheria inataka magari ya mizigo yavae kibandiko kama hicho. Hapa kwetu hakuna anayekisoma. Gari linaloondoka kwenda Tseikuru lina watu tisa, magunia mawili ya ndengu na jogoo mmoja aliyefungwa miguu.

Kwetu gari jipya si lile lililotoka kiwandani juzi. Ni gari lenye namba mpya. Limetumika Japani miaka saba hivi, likauzwa mnadani, likavuka bahari hadi Mombasa, na siku linapoingia Kyuso viti bado vimefunikwa nailoni na watoto wanalikimbilia. "Amenunua gari mpya," watu watasema, na hakuna aliyedanganya. Kisha siku ya pili mwenye gari anaanza kugundua visirani vyake, vile vitu vidogo ambavyo si ubovu wa kupeleka gareji lakini vinakera. Nilipoacha chuo na kurudi nyumbani nilishinda sana kwenye gareji ya chini ya mkunga pale sokoni, nikisikia visirani hivyo vikilalamikiwa. Nilichokuja kujua, nikisoma usiku kwenye simu, ni kwamba karibu kila kimoja kina historia yake. Kuna mtu mahali fulani aliamua kiwe hivyo, na alikuwa na sababu nzuri. Ni vile tu hakuwa akitufikiria sisi.

Chukua redio, maana ndiyo kila mtu hugundua kwanza. Unawasha, unamtafuta Musyi FM, namba zinapanda hadi 90 halafu zinarudi 76. Basi. Japani iliweka FM yake kati ya 76 na 90 kwa sababu masafa ya kuanzia 90 hadi 108 yalikuwa yamepewa televisheni, chaneli ya 1 hadi ya 3. Sisi FM yetu ni 87.5 hadi 108. Mahali pa kukutana ni kale kamwanya ka 87.5 hadi 90, na hapo mara nyingi unapata mluzi mtupu. Televisheni ya analogi ilizimwa Japani mwaka 2011, ikamalizikia 2012 kwenye mikoa mitatu iliyopigwa na tsunami, na vituo vyao vikaanza kupanda hadi 95. Redio zilizokuwa zimeshafungwa kwenye magari hazikupata habari hiyo. Kwa hivyo fundi anafunga kijisanduku kwenye waya wa eriali, ekspenda, kinachoshusha masafa, na dereva anajifunza hesabu ya ajabu: stesheni inajitangaza kwa namba moja, yeye anaikuta kwenye nyingine.

Halafu kuna yule mama wa ndani ya dashibodi. Ukiwasha gari anaongea kwa sauti ya upole, kila siku, maneno yaleyale. Anasema kadi ya ETC haijaingizwa. ETC ni mfumo wa kulipia barabara za kasi bila kusimama, ulioenea Japani nzima mwaka 2001. Kyuso hatuna barabara ya kulipia. Dereva mmoja ninayemjua humjibu "Nĩ mũseo" kila asubuhi, kana kwamba amesalimiwa, na abiria wake wamezoea.

Kimo chake nacho ni kifupi. Probox ilitoka Julai 2002 kuchukua nafasi ya Corolla van, na mteja wake alikuwa kampuni: mtu wa mauzo mwenye tai, akizunguka mjini na sampuli zake. Jina lenyewe ni profeshono na boksi. Ndiyo maana kwenye dashibodi kuna meza ndogo ya kuvuta, ya kuandikia au kulia chakula cha mchana ndani ya gari. (Kyuso meza hiyo ni ya sarafu na muguka.) Gari la mtu kama huyo halihitaji kuruka mawe. Likishuka kwenye mto wa mchanga wakati wa kiangazi, au kwenye yale makorongo ya njia ya Ngomeni, tumbo linasugua. Fundi anaweka spesa juu ya springi, gari linapanda inchi moja au mbili, anachomelea bamba la chuma chini ya sampu, maisha yanaendelea. Ukilitazama kwa mbali linafanana na kuku aliyeinua makalio.

Lakini kisirani kikubwa ni kiti cha nyuma.

Kama umewahi kukaa kwenye kiti cha nyuma cha Probox kutoka Mwingi hadi Kyuso, unajua. Mgongo wa kiti umesimama wima, ni mwembamba kama godoro la hosteli, magoti yanagusa kiti cha mbele, na kwenye van za bei ya chini hakuna egemeo la kichwa. Nyuma ya kiti hicho kuna uwanja wa mizigo uliosawazika, mkubwa kuliko nafasi uliyopewa wewe. Nilidhani Toyota walibania tu. Kumbe ni kodi. Japani gari la mizigo hulipiwa kodi ndogo ya mwaka kuliko gari la abiria la ukubwa uleule, na badala yake linakaguliwa mara nyingi zaidi: baada ya miaka 2 ya kwanza, ni kila mwaka. Ili gari lihesabiwe la mizigo na kupata namba ya usajili inayoanza na 4, sakafu ya mzigo lazima iwe kubwa kuliko sehemu ya kukalia abiria. Ukisogeza kiti cha nyuma kidogo ili binadamu akunjue miguu, hesabu inaharibika. Wahandisi wakasukuma kiti mbele na kukisimamisha wima. Mtu wa mauzo hakujali, maana nyuma aliweka katoni.

Sasa hebu fikiria: mama anayetoka Katse na mtoto mgongoni, anayepigwa kidevu na goti lake mwenyewe kilomita baada ya kilomita, anaishi ndani ya hesabu ya ofisi ya kodi ya Japani.

Haikuwa lazima iwe hivi. Susu, ambaye hupima miaka kwa njaa badala ya namba, anasema alipanda Peugeot mara ya kwanza kabla ya Nikw'a Ngwete, ile njaa ya 1984 iliyowakuta watu na pesa mkononi lakini chakula cha kununua hakuna. Anazungumzia 504, ile ndefu ya safu tatu za viti. Peugeot walikuwa wamezijua barabara zetu kwa kushindana nazo: 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966 na 1967 kwa mikono ya Bert Shankland wa Tanzania, na tena 1968, 504 ikashinda 1975 na 1978. Ile 504 ndefu ilikuwa na ekseli nzima nyuma iliyobebwa na springi za kutosha, na Wafaransa waliichora tangu mwanzo wakijua itabeba familia kubwa pamoja na mizigo yake. Zaidi ya hayo, 504 iliunganishwa hapahapa Kenya kwa miaka mingi. Ilikuwa na visirani vyake pia, susu anakumbuka moshi na mlango wa kufungwa kwa kamba, lakini hakuna anayesema kiti kilimkunja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilifungua soko, na magari yaliyotumika yakaanza kumiminika kutoka Japani. Sababu si ngumu: Wajapani wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, ukaguzi wao unafanya gari kuukuu kuwa mzigo wa gharama, na wao wanalitunza hadi siku ya mwisho. Gari lililounganishwa Kenya halikuweza kushindana na bei hiyo. Sitajifanya ninalilia zama za Peugeot. Wakati ule gari lilikuwa la mwalimu mkuu na mfanyabiashara mmoja, wengine wote walitembea. Leo kijana wa miaka 26 anaweza kuchukua mkopo kwenye sako na kuwa na Probox. Hilo si jambo dogo, na anayelidharau hajawahi kungoja lori la mchanga kuanzia saa kumi alfajiri.

Hata hivyo tulijaribu kujichorea gari letu. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya, hata likiwa baya wa sura na la polepole. Magari matano ya majaribio yakatoka, yakaitwa Nyayo Pioneer, na Februari 1990 yakaonyeshwa Kasarani kwa shangwe. Kikaundwa hata kiwanda kwenye makaratasi. Pesa za kuyatengeneza kwa wingi hazikupatikana, mambo yakaisha. Watu wa mjini bado wanaucheka mradi ule. Mimi naona ubaya wa sura na upolepole ni sifa mbili ambazo Kyuso tungezipokea bila mjadala, mradi gari liwe juu na kiti kiwe na nafasi.

Baadaye akaja Joel Jackson, Muingereza aliyeanzisha Mobius akisema wazi kwamba analichorea gari barabara za vijijini: fremu ya chuma, tumbo la juu, hakuna kiyoyozi wala urembo mwingi wa ndani. Katikati ya miaka ya 2010 liliuzwa karibu shilingi 950,000. Wazo zuri bana, ila kwa pesa hiyo mtu alipata gari la Japani lenye kiyoyozi, na spea zake zimejaa Grogan. Agosti 2024 kampuni ilitangaza inafungwa, siku chache baadaye ikasema imepata mnunuzi. Kyuso sijawahi kuiona hata moja.

Kwa hivyo Probox ilishinda. Ilisaidiwa pia na sheria yetu wenyewe: kanuni za Michuki zilizoanza Februari 2004 zilizirudisha matatu za Nissan kwenye abiria 14, zikaleta mikanda na vidhibiti mwendo. Barabarani kubwa hilo liliokoa watu. Kwenye njia za vumbi zisizo na abiria wa kujaza matatu, wala polisi wa kuihesabu, gari dogo lisilo na mstari wa njano likapata kazi. Na van ya mtu wa mauzo ikawa matatu, ambulensi, lori la miraa na gari la mazishi.

Nimesema ambulensi. Mwaka 2021 susu alianguka usiku akavunjika nyonga. Dereva aliyekuja, mtu wa pale mtaani, alikunja kile kiti cha nyuma, tukatandika godoro, na susu akalala kama alivyo mrefu, miguu imenyooka. Sakafu ya Probox kiti kikikunjwa ina karibu mita 1.8. Kwenye gari lolote la abiria la bei hiyo tungemkunja. "Mwaitu, nitaenda polepole," dereva alimwambia, akaenda polepole kweli hadi Mwingi, nami nimechuchumaa kando nikimshika bega kila tukifika kwenye drifti. Ilikuwa baada ya miezi mingi nilipoelewa kwamba sakafu ile ndefu na kiti kile cha mateso ni kitu kimoja, kifungu kimoja cha sheria.

Kulikuwa na Probox nyingine, kusema kweli. Toyota waliuza pia wagon, iliyosajiliwa kama gari la abiria, yenye kiti cha nyuma kinene na cha kuegemea. Modeli mpya ya 2014 ilipotoka, ilikuwa van tu. Na kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, wagon hazitakuja tena. Zilizopo zinazeeka nasi.

Ndiyo maana viti vyake vimekuwa mali. Mwezi uliopita pale gareji fundi alitoa kiti cha wagon ya 2009 iliyopinduka na kukifunga kwenye van ya 2018. Ilibidi akate vyuma, achomelee vingine, akisogeze nyuma kama kiganja kimoja. Nilimuuliza amejuaje kwamba kitashika siku gari likigonga kitu. Alinitazama kama niliyeuliza upumbavu, akaketi juu yake na kuruka mara tatu. Kwa hesabu ya Japani, gari hilo si la mizigo tena. Kesho yake saa kumi na moja asubuhi lilikuwa limeshajaa, la Tseikuru, na waliobaki stendi walikuwa wakiuliza litarudi saa ngapi.