Waya nao una masikio

Bumu bado halijaingia, mchana ni chai na mandazi, kwa hiyo leo tushibe historia. Najua kuna watakaosema we mtu wa ualimu, Historia na Jiografia, nyaya za spika wapi na wapi? Subirini kidogo.

Kwetu Kyela historia ya waya ilipita jirani kabisa. Mwaka 1892 Cecil Rhodes alianzisha kampuni ya kuvuta waya wa telegrafu kutoka kusini mwa Afrika mpaka Misri. Waya ukafuata mwambao wa magharibi wa Ziwa Nyasa hadi Karonga, yaani ukivuka Songwe pale Kasumulu si mbali. Machi 1899 Rhodes akaenda Berlin kumwomba Kaiser Wilhelm II aupitishe kwenye koloni la Wajerumani, ndiyo hapa kwetu. Akakubaliwa. Waya ukafika Ujiji, ukaishia hapo hapo. Misri haikuonekana!

Telegrafu za enzi hizo kwa kawaida zilikuwa na waya mmoja, na umeme ulirudi kwa kupitia ardhini. Kwa ti-ta-ti-ta za Morse ilitosha. Balaa lilikuja na simu. Alexander Graham Bell alipata hataza ya simu mwaka 1876, na laini za mwanzo zikafuata mtindo uleule wa waya mmoja na ardhi. Watu wakawa wanasikia mikwaruzo na maongezi ya majirani. Tramu za umeme zilipoanza kuenea Marekani kuanzia 1888, simu zikavuma kama nyuki. Yaani waya mrefu hauchagui, unasikia kila kinachopita karibu.

Dawa Bell alikuwa ameshaiandikia hataza mwaka 1881: nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Sauti inakwenda kinyume kwenye nyaya hizo, lakini kelele ya nje inaingia kote kwa kiasi kilekile. Chombo cha mwisho kinachukua tofauti tu kati ya hizo mbili, kelele inajifuta. Ni sawa na magunia mawili ya mpunga kwenye mkokoteni mvua ikinyesha: yakilowa sawasawa, tofauti ya uzito wake haibadiliki.

Na ile jeki nene ya gitaa, milimita 6.35, ni mtoto wa ofisi za simu. Wahudumu waliichomeka ubaoni kuunganisha wapigaji. Kenoni ya pini tatu jina lake linatokana na James H. Cannon, ambaye kampuni yake ilianza Los Angeles mwaka 1915. Pini moja ni ya ardhi, mbili zinabeba sauti, yaani dawa ileile ya Bell.

Sasa kwa nini nimeyachimba haya. Binamu yangu anaimba kwaya huko nyumbani, na vyombo vyao vinavuma mmmmm mpaka sauti ya tatu haisikiki. Maiki zao zinatumia jeki yenye mstari mmoja mweusi, waya kama mita ishirini, umelazwa sambamba na ekstensheni ya umeme. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na mvumo wao ndio huo. Fundi mmoja kawaambia wanunue ampilifaya mpya, wameshaanza kuhesabu magunia ya kuuza. Mwingine kaja akakata ule waya wa kijani na njano ndani ya plagi. Mvumo ukapungua, watu wakapiga makofi.

Jamani, hapo ndipo usingizi uliponiruka. Ule ndio waya wa ardhi, unaokinga mtu chombo kikivujisha umeme. Mei 1972 huko Swansea, Wales, mpiga gitaa Les Harvey alikufa jukwaani kwa umeme baada ya kushika maikrofoni isiyokuwa na ardhi. Alikuwa na miaka 27. Sasa fikiria kwaya yetu, mvua za Kyela, sakafu mbichi, wengine peku.

Nikampigia binamu siku hiyohiyo. Waya wa kijani urudishwe leo, si kesho. Miksa yao ina matundu ya kenoni yamekaa bure, basi wanunue nyaya za kenoni kwanza. Vyombo vyote vichomekwe sehemu moja, na waya wa maiki ukikutana na wa umeme upite kama msalaba, usilale nao. Mpunga ubaki ghalani.

Wenzangu mnaokwenda fildi, mtapewa maiki kwenye mahafali ya shule. Kabla hujaishika, ulizia plagi kwanza. Mvumo unaudhi tu, ila kukosa ardhi kunaua.