Ijue Radio Kwizera: Redio ya Ngara iliyozaliwa na wakimbizi

Ukitoka Lusahunga kwenda mpaka wa Rusumo, unapita Nyakahura wilayani Biharamulo, halafu unaingia Ngara. Leo ni njia ya malori ya Kigali na Bujumbura. Ila wenye umri wao wanaikumbuka kwa jambo jingine.

Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24 hivi. Wakaweka kambi Benaco. Warundi nao walikuwa wanaikimbia vita yao, na wengi waliishia kambi ya Lukole, hukohuko Ngara.

Mwaka uliofuata, 1995, Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi (JRS) likaanzisha Radio Kwizera mjini Ngara. Kwa Kirundi na Kinyarwanda, "kwizera" ni kuamini, kuwa na tumaini.

Kwa nini redio?

Kwa sababu redio ndiyo iliyotumika kuua. Kituo cha RTLM cha Kigali, kilichoanza kurusha matangazo Julai 1993, kilichochea mauaji ya kimbari, hadi kutaja majina ya watu wa kuwindwa. Desemba 2003, mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa Arusha iliwatia hatiani watu 3 katika kesi ya vyombo vya habari. Wawili walikuwa waanzilishi wa RTLM, wa tatu mhariri wa gazeti la Kangura. Rufaa ya 2007 ilipunguza adhabu zao, lakini wote walibaki na hatia.

Mtu aliyekimbia akiwa na hofu ya namna hiyo, ukimnyima habari anaishi kwa tetesi. Nyumbani kukoje? Nirudi au nibaki? Bila habari ya kweli, hata uamuzi wa kurudi si wake tena, ni wa yule anayevumisha zaidi.

Ilifanya kazi gani?

Radio Kwizera ilitangaza kwa Kiswahili na kwa lugha za wakimbizi wenyewe. Hapa Ngara ilikuwa na bahati: Kihangaza cha wenyeji kinakaribiana sana na Kirundi. Mwenyeji na mgeni wakawa wanasikiliza kituo kimoja. Hilo si dogo, maana penye kambi kubwa hakukosi ugomvi wa kuni, maji na mashamba.

Burundi nako mwaka huohuo wa 1995 ilianzishwa Studio Ijambo, chini ya shirika la Search for Common Ground, ikiwaweka Wahutu na Watutsi pamoja katika kutengeneza vipindi.

Amani ya Burundi yenyewe ilijadiliwa Arusha. Mwalimu Nyerere aliisimamia hadi alipofariki Oktoba 1999, Mandela akaipokea, na mkataba ukasainiwa 28 Agosti 2000. Katiba ya 2005 ikagawa viti vya Bunge: Wahutu asilimia 60, Watutsi 40, na wanawake wasipungue 30. Wakimbizi wakaendelea kurudi, na Lukole ikafungwa 2008.

Wakimbizi walipoondoka je?

Redio haikufungwa. Ilibaki kuwa ya wenyeji wa Kagera na Kigoma.

Jirani mambo hayakuwa mepesi. Mei 2015, baada ya jaribio la mapinduzi Burundi, redio binafsi za Bujumbura zilishambuliwa na kufungwa, na waandishi wengi wakakimbia nchi. Warundi wakaanza tena kumiminika Kigoma. Redio zikizimwa, tetesi zinawahi kuchukua nafasi.

Sisi wa simu tunahusikaje?

Mwaka 1994 kusambaza uchochezi kulihitaji kituo cha redio. Leo kunahitaji bando tu. Ukipokea ujumbe wa "kabila fulani wanapanga" au "kura zimeshaibwa", jiulize maswali matatu ya chumba chochote cha habari: nani kasema, ameona mwenyewe, na upande wa pili unasemaje? Ukikosa jibu, usitume.

Mashirika ya kiraia yanaweza kuleta mtambo na watangazaji. Kuamini au kutoamini kila tunachosikia, hiyo imebaki kazi yetu wenyewe.