Handeni Haikuzaliwa Pori

Tangu Juni 2022, familia za kwanza kutoka Ngorongoro zilipofika Msomera, wilayani Handeni, na kukabidhiwa nyumba za vyumba vitatu, yamefufuka maneno ambayo mkoa wa Tanga umeyasikia tangu enzi za ukoloni: kwamba milimani watu wamebanana, Handeni ni pori la bure, na kwamba hayo yote ni kazi ya mvua. Wapo wakazi wa Msomera waliolalamika kuwa pori hilo walikuwa wakililima na kuchungia mifugo yao. Shauri hilo lina wenyewe. Ugomvi wangu ni na hiyo mvua.

Mvua ina haki yake, sikatai. Amani, Usambara ya Mashariki, hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na Handeni haifikii nusu ya hizo. Lakini tazama Pangani: mvua za pwani inazo, bandari ya kale inayo, mto usiokauka unapita mlangoni pake. Sensa ya 2012 ilikuta huko watu 54,025 tu, wakati Lushoto pamoja na Bumbuli walikuwa 492,441. Hata ukikumbuka udogo wa wilaya ya Pangani, mvua peke yake haielezi pengo hilo.

Kuna kitabu ambacho wanahistoria wetu hukitaja mara nyingi kuliko wanavyokisoma: Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi, aliyekaa na mtawala Semboja kule Mazinde na baadaye akautumikia utawala wa Kijerumani. Kilichapwa kwanza na wamisionari wa Magila, kikatolewa tena Nairobi mwaka 1962. Humo mna kisa cha Mbegha, mwindaji wa Ngulu, aliyekimbia kwao kwa sababu ya kuitwa kigego, yaani mtoto wa mkosi. Alipanda Usambara na mbwa wake, akawakuta Washambaa wanasumbuliwa na nguruwe mashambani. Akawaua nguruwe, akagawa nyama, mwisho akakalishwa Vuga kuwa mtawala.

Kisa hiki husomwa kama asili ya ufalme, basi. Mimi humtazama nguruwe. Mlima unaoshindwa na nguruwe hadi mgeni mwenye mbwa akapewa enzi si mlima uliojaa watu. Mashamba yake yamezungukwa na vichaka vya kutosha kulisha makundi ya wanyama. Na huyo mgeni anatoka Ngulu, ukanda uleule wa Kilindi na Handeni ambao leo tunaambiwa haujawahi kuwa na kitu. Ni simulizi, si sensa, na Abdallah alikuwa na mabwana wa kuwapendeza. Lakini hakuwa na sababu ya kuwabuni nguruwe.

Kilichofuata katika karne ya 19 ndicho kilichoipindua nchi. Njaa ya miaka ya 1830 iliwapeleka Wazigua wengi utumwani hadi Somalia, kandokando ya mto Juba. Baadhi ya wajukuu wao walirudi kama wakimbizi, wakapewa makazi Chogo, Handeni hiyohiyo. Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Usambara, alipofariki mnamo 1862, mwanawe Semboja na mpwa wake Shekulwavu wakapigania Vuga, Wabondei wakaasi, na mateka wakawa wanateremshwa kuuzwa Pangani na Tanga. Kisha katika miaka ya 1890 yakaja mapigo mfululizo: sotoka ikamaliza ng'ombe, nzige wakala mashamba, njaa ikaingia mwaka 1894 na ndui ikiifuata nyuma.

Hapa namsikiliza James Giblin, aliyeiandikia Uzigua, nchi ya Handeni, kitabu kizima mwaka 1992. Hoja yake ni kwamba ukame ulikuwapo siku zote. Kilichovunjika ni wakubwa wenye ghala. Hao ndio waliolisha wafuasi wao miaka ya shida, na wafuasi hao ndio waliofyeka na kuchoma vichaka. Wajerumani walipowanyang'anya wakubwa hao nguvu na kodi ikadaiwa, ghala zikabaki tupu, watu wakatawanyika, vichaka vikarudi na mbung'o ndani yake. Ng'ombe waliosalia wakamalizwa na nagana na ndigana kali. Maofisa wa Kiingereza waliovikuta vichaka hivyo na kuandika kwamba ndiyo hali ya asili ya nchi, hao sina muda nao.

Mkonge nauruka, kila mtu anaujua: Mjerumani Hindorf aliyeuleta na miche yake 62 iliyopona mwaka 1893, reli, manamba kutoka Kigoma na Msumbiji ambao wengi hawakurudi kwao, na mji wa Tanga uliokuwa wa pili kwa ukubwa Tanganyika hadi Mwanza ilipoupita katika sensa ya 1978. Mkoa mzima una watu 2,615,597 kwa hesabu ya 2022, na kwa miaka kumi iliyotangulia umekua polepole kuliko taifa.

Milimani nako, hesabu ya watu kwa eka ilipikwa. Wajerumani walikata ardhi ya walowezi kuizunguka Wilhelmstal, ambayo ndiyo Lushoto, na misitu ya Shume na Magamba ikafungwa. Waingereza wakayarithi hayo, kisha baada ya vita kuu ya pili wakatangaza kwamba Washambaa wamezidi na wanaiua ardhi. Mpango ulianza Mlalo mwaka 1946, ukaenezwa Usambara: kila familia ichimbe matuta kwenye mteremko, asiyechimba apigwe faini. Mzigo uliwaangukia zaidi wanawake, na mahindi hayakuzidi. Kwamba udongo ulikuwa ukimomonyoka ni kweli. Mradi wa hifadhi ya udongo wa SECAP ulikuja kushughulika nao tena kuanzia 1981, kwa miti na majani ya ng'ombe badala ya faini. Lakini mwaka 1957 hakuna ofisa aliyekuwa tayari kugusa mipaka ya msitu wa Shume. Matuta ndiyo yaliyoachwa, baada ya watu kugoma, na chama cha TANU kilikwishajizolea wanachama katika kila bonde.