Andagraundi ya Bongo ni Foleni

Nimekuwa kimya kwa sababu ya test, siumwi. Leo naandika kuhusu ubishi uliotukesha hapa hosteli mpaka saa nane usiku: eti hip hop ya Bongo imekufa, imebaki andagraundi tu. Wana wa Arusha wakabisha, wa Mwanza wakaja na Fid Q wao, wa Mbeya wakamtaja Sugu. Mimi wa Chiungutwa nikaulizwa, "Na nyie Kusini mna nani?" Watu wakacheka, mada ikahama. Basi najibu hapa.

Kwanza tuelewane kwenye neno. Marekani msanii wa andagraundi mara nyingi ni mtu aliyechagua upande, hataki mambo ya kampuni kubwa na redio. Kwetu neno hilo hilo limebeba maana nyingine. Ukisema fulani ni andagraundi, unamaanisha bado hajatoka. Na "kutoka" ndilo neno lenyewe, kama vile kila mchanaji yuko chumbani anasubiri mtu aje na funguo. Kwa hiyo andagraundi ya Bongo ni foleni, na historia ya hip hop yetu ni historia ya nani kashika mlango.

Mwaka 1991 Saleh Jabir alishinda mashindano ya Yo! Rap Bonanza pale Dar, akijulikana kwa kuchana Kiswahili juu ya midundo ya Wamarekani. Kwanza Unit wakaungana 1993. Enzi hizo huku Bara redio ilikuwa ya serikali, RTD, na wazee wengi waliona rap ni uhuni wa watoto wa mjini. Radio One ikaanza 1994, na mwaka 1996 mtangazaji wake Mike Mhagama akaanza kutumia jina la Bongo Flava. 2 Proud, yaani huyo huyo Sugu, alitoa Ni Mimi 1995 na Ndani ya Bongo 1996. Hard Blasters wakaja na Funga Kazi mwaka 2000, na Professor Jay mwaka 2001 akaja na Machozi, Jasho na Damu, hata waliokuwa wanasonya wakaanza kuongeza sauti ya redio. Mlango ulifunguka kweli, ila angalia ulikuwa wapi: studio kubwa Dar, redio Dar, wasambazaji wa kanda Dar.

Sasa chukua ramani. Moro ni masaa machache tu kwa basi, ndiyo maana akina Afande Sele walitoka mapema. Mbeya kuna lami na treni ya TAZARA. Arusha kuna watalii, na X Plastaz waliweza mpaka kupiga shoo Ulaya. Sisi je? Daraja la Mkapa pale Rufiji limefunguliwa 2003! Kabla ya hapo ni kivuko, na masika ikichanganya basi linalala njiani. Hata baada ya daraja, kile kipande cha Ndundu hadi Somanga kilitutesa miaka mingi. Mkapa mwenyewe alikuwa mtu wa kwetu Masasi, kazaliwa Lupaso, alijua tope lile. Kwa hiyo miaka ile Bongo Flava ilipokuwa inachemka, kijana wa Newala au Chiungutwa mwenye daftari lake la mistari alikuwa anashindana na tope kabla hajashindana na mchanaji yeyote.

Na akifika jijini anakutana na utani. Neno machinga lenyewe linasemekana limetokana na Wamachinga wa Lindi, watu wa kutembeza bidhaa. Mmakonde kwenye vichekesho ni mlinzi wa geti. Ndiyo maana nampa Harmonize heshima yake: alisainiwa WCB 2015, akaondoka 2019, akaanzisha Konde Gang. Jina walilotutania nalo likawa la kuvaliwa kwenye fulana. Lakini yeye ni mwimbaji. Kwenye kuchana foleni yetu bado ndefu.

Kuna walioamua kuitoka hiyo foleni. Mwaka 2011 Sugu na wenzake waliojiita Vinega walitoa kanda mseto ya Anti-Virus, wakilalamikia nguvu ya redio kubwa juu ya msanii. Kipindi hicho hicho Tamaduni Muzik, akina Nikki Mbishi na One the Incredible, wakajenga wasikilizaji wao bila kungoja redio iwakubali. Kwa mara ya kwanza nikaona andagraundi ya kuchagua, siyo ya kusubiri. Na hip hop haijafa: Rapcha mwaka 2021 alitikisa na Lissa, ngoma ya kusimulia kisa mwanzo mpaka mwisho.

Mtasema siku hizi mlango hauna mwenyewe, kila mtu anapandisha ngoma YouTube. Sawa, ila kupandisha ni kitu kimoja na kusikika ni kingine, na bando siyo bure.

Kinachoniuma mimi ni hiki. Januari 2013 Masasi iliwaka moto, Mei mwaka huo huo Mtwara ikawaka kwa ajili ya gesi. Novemba 2018 rais Magufuli akaagiza jeshi linunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wapo waliongoja malipo mpaka mwaka uliofuata. Hip hop ipo kwa ajili ya mambo kama haya, au siyo? Wimbo niliousikia mimi juu ya korosho sikuusikia redioni. Niliusikia kwenye simu ya binamu yangu, kaurekodi mwenyewe, mdundo kaazima. Anachana habari za mzee aliyepeleka magunia ghalani akarudi na stakabadhi mfukoni, watoto wanauliza madaftari yako wapi. Katikati anaingiza Kimakonde, halafu anarudi Kiswahili bila kukosa pigo. Vijana wa kijiweni waliukariri wote. Baadaye simu ikaingia maji, memori kadi ikafa, na yeye sasa yuko kwenye bodaboda, hachani tena.

Darasani tunafundishwa kutafuta ushahidi wa zamani kwenye nyaraka za wakoloni, na ushahidi wa juzi unazama kwenye simu za tochi. Wenzangu wa Masasi, Newala na Tandahimba mkienda likizo, waombeni wachanaji wa kwenu nyimbo zao, mzihifadhi sehemu mbili, mwandike na mwaka na kijiji. Mimi nimeanza: nina kumi na moja za Chiungutwa, mbili zinakwaruza. Mwenye za kwenu anitumie.

Ni hayo tu kwa leo, naenda kupanga foleni ya ugali.