Mizani ya Pili

Mkulima wa pamba wa Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa na lalamiko asiloweza kulithibitisha. Alifikisha mzigo wake kwenye kituo cha ununuzi, ukawekwa juu ya mizani ya mnunuzi, mshale ukasogea, karani akaandika, pesa zikatoka. Mizani ilikuwa inafanya kazi, na kila aliyesimama kwenye foleni aliona hivyo. Lakini mtu aliyebeba pamba ile kichwani tangu alfajiri alikuwa na hesabu nyingine shingoni mwake.

Kilichofuata ndicho kipande cha historia ya kanda yetu ninachokipenda kuliko vyote. Wakulima waliweka wapimaji wao wenyewe, ili mzigo upimwe upande wao pia na namba mbili zikae pamoja. Katika vuguvugu hilo kilikua chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa chini ya Paul Bomani, na mwaka 1955 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika cha Victoria Federation, ambacho baada ya miaka michache kilihesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Tukisimuliwa habari hizi shuleni tunaanzia kwa Bomani na ushirika. Mimi naona zianzie kwenye ile namba ya pili.

Tasnifu yangu ya uzamili inahusu wapimaji hao katika eneo la Nkololo, ambayo leo ni kata ya Wilaya ya Bariadi, mkoani Simiyu, na enzi hizo ilikuwa sehemu ya Maswa. Mzee mmoja wa huko nilimuuliza walijuaje kwamba wanapunjwa, akacheka. "Mjukuu wangu, tulikuwa tunapima nyumbani kwanza, ndipo tunakwenda."

Sentensi hiyo ilinisaidia mahali ambapo yeye hakupatarajia: mbele ya seva.

Vitabu vya pamba ninavyovisoma vimebaki vichache kwenye karatasi. Mchwa na mvua vimekula vingine. Vilivyopona vilipigwa picha ukurasa kwa ukurasa, na picha hizo zinakaa kwenye seva ya ofisi moja ambayo sitaitaja, ndani ya diski ngumu nane zilizounganishwa zifanye kazi kama diski moja. Kwa miezi kadhaa ukurasa ulifunguka kwa sekunde mbili. Kisha ukaanza kuchukua nusu dakika, mara dakika nzima, mara sekunde mbili tena. Taa zote nane zilikuwa za kijani. Mkuu wa ofisi alisema ni mtandao. Kwetu kila kitu kinachochelewa ni mtandao, labda kwa sababu mtandao hauwezi kujitetea.

Kuelewa kwa nini taa zilikuwa za kijani, inabidi kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ilitoa mashine iliyoitwa RAMAC, ya kwanza kuuzwa ikiwa na diski ya namna hii. Ilikuwa na sahani 50, kila moja ikiwa na kipenyo cha inchi 24, na zote pamoja zilihifadhi herufi milioni tano tu. Mitambo hiyo ilikuwa mikubwa na ghali. Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha andiko lililosema: chukua diski nyingi za bei ndogo, zipange pamoja, na uweke ziada ya taarifa ili mojawapo ikifa, zilizobaki ziweze kukokotoa ilichokuwa nacho. Wakauita mpango huo RAID. Seva ya ofisi yetu ni mjukuu wa andiko hilo: nafasi ya diski saba ni ya data, na nafasi ya diski moja ni ya akiba ya kukokotolea.

Mpango huo una dhana moja ndani yake, kwamba diski ina hali mbili tu, hai au mfu. Ikifa, taa inageuka nyekundu, wenzake wanabeba mzigo, fundi analeta nyingine. Lakini iliyo hai huku inajikongoja haikupangiwa chochote. Waliowahi kulima kwa bugobogobo wanajua shida yake. Mstari wa majembe unakwenda na ngoma. Mmoja akianguka anatolewa pembeni na mstari unasonga, ila mmoja akichelewa, ama mstari mzima unamngoja ama unapinda. Diski zetu nane zilikuwa zinangojana. Ukurasa mmoja umegawanywa vipande juu ya diski kadhaa, na hauwezi kufunguka mpaka kipande cha mwisho kifike.

Diski ya kawaida ya seva huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja kwa milisekunde nane na kidogo. Kichwa cha kusoma kikifika mahali ambapo alama za sumaku zimefifia, hakikati tamaa. Kinangoja sahani izunguke tena, kinajaribu tena, na tena. Majaribio mia moja ni karibu sekunde nzima. Mwishowe data inapatikana, na kwa kuwa imepatikana, diski inaripoti kwamba kazi imefanyika. Haijadanganya. Hakuna aliyeiuliza imechukua muda gani.

Tangu katikati ya miaka ya 1990 diski nyingi zimekuwa na mfumo wa kujipima uitwao SMART. Diski hujihesabia sekta zilizoharibika, joto, saa za kazi na mengine mengi, kisha hutoa hukumu ya jumla: imefaulu au imefeli. Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba mpaka wa kufeli huwekwa na mtengenezaji mwenyewe. Mwaka 2007 watafiti wa Google walitoa matokeo ya kufuatilia diski zaidi ya 100,000. Kati ya zilizokufa, zaidi ya nusu hazikuwa zimeonyesha hata moja ya dalili nne ambazo SMART ilitegemewa zaidi kuzionya. Niliposoma hapo niliwaza kituo cha pamba. Hii ni mizani ya mnunuzi.

Sayansi ilichelewa kulipa jina tatizo la diski inayojikongoja. Mwaka 2001 Remzi na Andrea Arpaci-Dusseau wa Wisconsin waliandika kwamba mifumo ijengwe ikikubali kuwa kifaa kinaweza kugugumia bila kufa. Mwaka 2018 Haryadi Gunawi na wenzake wakakusanya taarifa 101 za vifaa vya namna hiyo kutoka taasisi 12. Katika nyingine, chanzo kilikuwa mbali kabisa na kifaa kilicholaumiwa.

Ndiyo maana fundi wa ofisi ile, kijana mtulivu aliyenivumilia kwa maswali yangu, hakukimbilia kung'oa kitu. Alianza kupima. Kwenye Linux kuna programu ndogo, iostat, inayoonyesha kila diski inachukua muda gani kujibu. Aliiacha ikiandika tangu asubuhi hadi jioni. Diski saba zilijibu kwa milisekunde 12 hadi 15. Ya nne ilikwenda sawa na wenzake kwa dakika nyingi, kisha ikaruka hadi 900, ikarudi. Wastani wa siku nzima ungeificha. Ilionekana tu ilipowekwa sambamba na wenzake, dakika kwa dakika.

Akaiuliza kupitia SMART. Jibu: imefaulu. Chini ya hukumu hiyo, kwenye jedwali ambalo hakuna anayelisoma, kipengele namba 197, sekta zinazosubiri kuamuliwa, kilikuwa 16. Namba 199, ambacho hupanda waya ukiwa mbovu, kilikuwa sifuri.

Bado hakuridhika. Seva ilikuwa imepakana na ukuta wa jenereta, na mtikisiko huathiri diski kweli. Mwishoni mwa 2008 Brendan Gregg, aliyekuwa Sun, alijirekodi akizipigia diski kelele, na grafu ikaonyesha zikichelewa papo hapo. Kwa hiyo tulilinganisha saa za jenereta na saa za kuchelewa. Hazikuoana. Kisha alinakili kila kitu kwenye diski za nje, akazima seva, akabadilishana nafasi ya diski ya nne na ya sita. Kama ucheleweshaji ungebaki nafasi ya nne, mkosaji ni waya au tundu. Ulihamia ya sita.

Kupata diski mpya kulikuwa kugumu kuliko kuitambua mbovu. Maombi ya ununuzi yalihitaji uthibitisho kwamba kifaa kimeharibika, na uthibitisho uliokubalika ulikuwa ripoti ya kifaa chenyewe, ambayo ilisema kimefaulu. Sikuona uovu katika hilo. Nchi hii ina kumbukumbu na kompyuta: ya kwanza iliwekwa Hazina mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuziingiza nchini, sababu mojawapo inayotajwa ikiwa ni hasara na vurugu za hesabu hapo Hazina. Tahadhari ya kutoa fedha za umma kwa ajili ya mashine ina mizizi. Tatizo ni kwamba tahadhari hiyo ilikuwa inaiamini mashine ileile iliyoshukiwa.

Fundi aliambatisha karatasi mbili, grafu ya kabla ya kubadilishana nafasi na ya baada yake, na maelezo ya mistari mitano: endapo diski nyingine itakufa wakati hii inagugumia, picha za vitabu zitabaki kwenye nakala yetu ya nje tu, na vingi vya vitabu vyenyewe havipo tena. Ilichukua wiki sita. Diski ilipofika, saba zilizobaki zilisomwa mwanzo hadi mwisho ili kuijaza, terabaiti nne, kazi ya saa kumi na moja endapo hakuna kinachokwama. Alilala ofisini usiku huo kwa hofu ya umeme.

Ile ya zamani hakuitupa wala hakuirudisha stoo. Ukiichomeka kwenye kompyuta yoyote inawaka, inaonekana nzima, na mtu mwenye haraka angeipa kazi nyingine. Aliiandikia kwa kalamu ya wino mzito tarehe, namba ya nafasi yake, na neno INACHELEWA, kisha akaifungia kabatini.